Mbunge wa Nchi ya Chai na Mdomo wa Mwananchi



Tarehe 15 Oktoba 1975 polisi waliingia katika uwanja wa Bunge la Kenya wakawakamata wabunge wawili: Martin Shikuku wa Butere na Jean-Marie Seroney wa Tinderet, ambaye siku hizo alikuwa Naibu wa Spika. Hawakuwa wameiba wala kumwaga damu. Siku chache kabla, Shikuku alikuwa amesema Bungeni kwamba wako watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokwisha kuiua KANU. Alipotakiwa kuthibitisha, Seroney, akiwa ameketi katika kiti cha Spika, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Kwa neno hilo moja alikaa kizuizini, bila kufikishwa mahakamani, hadi Desemba 1978.

Tarehe 15 Oktoba 2025, miaka hamsini kamili baadaye, Rais William Ruto alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao. Ilikuwa siku ya msiba, kwa kuwa habari za kifo cha Raila Odinga zilikuwa zimewasili kutoka India, na macho ya taifa yalikuwa yamejaa machozi. Hatudai kwamba tarehe hizo mbili zilipangwa zifanane. Twasema tu kwamba zimetupa nafasi ya kukumbuka, na kwamba mtu asiyekumbuka huuzwa kwa bei ileile mara mbili.

Seroney hakuwa mgeni kwetu. Vilima vya Tinderet vinapakana na Kipkelion, na chai ya kwao na ya kwetu hunyeshewa na mvua moja. Naye alikuwa ameonja uchungu wa kusema hata kabla ya mwaka huo. Mwaka 1969, kwa Azimio la Nandi Hills, alidai ardhi iliyonyakuliwa wakati wa ukoloni irudishiwe wenyewe. Akashtakiwa kwa uchochezi, akatozwa faini.

Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unakuja. Wagombea watatuhesabia barabara walizotengeneza, madarasa waliyojenga, na noti walizotoa katika harambee za kanisa. Hatuvidharau vitu hivyo. Lakini twaomba, sisi wa harakati za mageuzi katika Kericho na Bomet, kuweka mezani mizani nyingine. Mbunge apimwe kwa jinsi anavyoulinda mdomo wa mwananchi, na hasa mdomo ule unaomlaumu yeye mwenyewe. Tutaonyesha kwamba kwa watu wa chai jambo hili si anasa ya watu wa mjini. Ndilo ua linalolinda shamba.

SHAMBA LA NABOTHI

Wapendwa wa kanisani waijua habari ya Nabothi wa Yezreeli. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu, naye Nabothi akakataa kuutoa urithi wa baba zake. Yezebeli hakutuma jeshi. Alitafuta mashahidi wawili wa uongo wamshtaki Nabothi kwa maneno, kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Alipokwisha kupigwa mawe, shamba likachukuliwa. Tuangalie mpangilio wa mambo: kwanza mdomo, halafu shamba.

Historia yetu ina mfano wake. Wakipsigis walipoondolewa katika ardhi yao ili kutoa nafasi kwa mashamba makubwa ya Wazungu, ukoo wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kiroho wa jamii, ulilaumiwa kwa kuwatia watu moyo wa kuasi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwahamisha, wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa joto na maradhi. Waliokuwa wakisema kwa niaba ya umma walipoondolewa, umma ulibaki kama nyumba isiyo na mlango.

Dai hilo la kale ndilo lililoifanya nchi ya chai kuwa na neno katika mambo ya nje. Mwaka 2019 watu zaidi ya 100,000 wa jamii ya Kipsigis na ukoo wa Talai walipeleka malalamiko yao kwa wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, wakisaidiwa na serikali ya Kaunti ya Kericho chini ya Gavana Paul Chepkwony. Mwaka 2021 wataalamu hao walieleza hadharani wasiwasi wao mkubwa juu ya Uingereza kutokiri wajibu wake. Agosti 2022 wananchi hao walifika hadi Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg. Mfalme Charles wa Tatu alipoizuru Kenya mwishoni mwa mwaka 2023, alizungumzia huzuni na majuto makubwa kwa maovu ya ukoloni, lakini hakuomba radhi rasmi.

Tujiulize: dai hilo lilivukaje bahari? Lilivuka kwa sababu wazee walisimulia bila kuogopa, na vijana wakaandika yale waliyosimuliwa. Laiti kusema kungekuwa kosa, lingekufa pamoja na vikongwe wa Gwassi.

MAMBO YA NJE YAMO NDANI YA KIKAPU

Wapo wanaosema kwamba siasa ya nchi za nje ni kazi ya Ikulu na mabalozi, na kwamba mchuma chai hana haja nayo. Tuwakumbushe ya mwaka 2025. Mwezi Februari kundi la wapiganaji wa Sudan, RSF, na washirika wake walikutana Nairobi wakatia sahihi hati ya kuunda serikali yao. Mwezi Machi serikali ya Sudan ilijibu kwa kupiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya. Bidhaa ile kubwa tuliyokuwa tukiwauzia ilikuwa nini? Chai. Mama aliyepeleka majani yake kituoni asubuhi, akapimiwa kilo zake na kupewa risiti, hakuulizwa na mtu kama apenda Nairobi iwe ukumbi wa wanavita wa jirani. Lakini hasara ya uamuzi huo yaweza kumfuata hadi kwenye bonasi yake.

Katiba ya mwaka 2010 haikumwachia Rais peke yake mambo haya. Mikataba inayoridhiwa huwa sehemu ya sheria za Kenya, na Bunge lina sehemu katika kuiridhia. Machi 2021 Bunge la Taifa liliidhinisha mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi na Uingereza, nchi ileile inayonunua chai yetu na kukataa kukiri deni lake la ardhi. Siku kama hiyo ndiyo siku ya mbunge wa nchi ya chai kusimama na kuuliza: mnunuzi ni huyu, mdaiwa ni huyu, mbona twazungumza naye biashara tu?

Tena Kericho imewahi kumtoa mtu aliyesimama mbele ya dunia nzima. Mwaka 1976 Mkutano Mkuu wa kumi na tisa wa UNESCO ulifanyika Nairobi, na Dkt. Taaitta Toweett, mwana wa Kericho aliyekuwa Waziri wa Elimu, ndiye aliyechaguliwa kuwa Rais wake. Mabishano makali ya mkutano huo yalikuwa juu ya vyombo vya habari. Je, serikali zipewe kauli juu ya habari zinazoenezwa? Mataifa hayakukubaliana, na tamko lililopendekezwa likaahirishwa. Heshima ile ilikuwa ya kweli, na twajivunia. Lakini tukiri na upande wa pili: wageni walipokuwa wakijadili uhuru wa habari Nairobi, aliyekuwa Naibu wa Spika wa Bunge la Kenya alikuwa kizuizini kwa kusema. Sera ya nje isiyofanana na mambo ya nyumbani ni kama kanzu safi juu ya mwili usioogeshwa.

MWENYE SHAMBA ALIYE MBALI

Sasa tuje kwenye haki za wafanyakazi, kwa maana hapo ndipo chai na simu vinapokutana kwa namna ambayo wengi hawajaiona.

Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyakazi wa shamba la Unilever hapa Kericho walishambuliwa katika nyumba zao. Wako waliouawa, na wako wanawake waliobakwa. Zaidi ya 200, walioathiriwa na jamaa za marehemu, walikwenda London kuishtaki kampuni mama. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya huko iliamua kwamba kampuni mama haikuwa na wajibu wa kisheria kwao, kwa kuwa kampuni tanzu ya Kenya ndiyo iliyoendesha shughuli zake yenyewe. Faida ilijua njia ya kwenda London. Wajibu ulipotea njiani.

Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi ambamo wanawake zaidi ya 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai yaliyokuwa ya Unilever na James Finlay walisema wamedhulumiwa kimwili na wasimamizi wao. Ilimbidi mwandishi ajiingize kama mtafuta kazi, akiwa na kamera ya siri. Neno lililokuwa likinong'onwa majumbani kwa miaka mingi lilisikika siku ambayo picha ilionekana katika simu za watu. Mabinti zetu waliokolewa na habari iliyoenea, si na ukimya wetu wa heshima.

Na sasa kuna shamba jipya, lisilo na majani. Vijana wa Kenya waliajiriwa Nairobi kutazama siku nzima picha za mauaji na ukatili ili kuziondoa katika mtandao wa Facebook, wakiajiriwa na kampuni ya kati. Waliposhtaki, kampuni ya Meta ilidai kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba inaweza. Mwaka huohuo Seneta wa Kericho, Aaron Cheruiyot, ambaye alikuwa Kiongozi wa Wengi katika Seneti, alidhamini mswada wa kurekebisha sheria za biashara uliokuwa na kifungu cha kuikinga kampuni ya ng'ambo isishtakiwe kwa madai ya wafanyakazi wa kampuni iliyopewa kandarasi nchini.

Twamtendea haki. Watetezi wa kifungu hicho walisema kwamba kinga hiyo italeta kazi kwa vijana, na kijana asiye na kazi ni mwanetu pia. Lakini twamwuliza kwa heshima, kama watu wa kaunti yake: Kericho, kuliko mahali pengine popote Kenya, haijui maana ya mwenye shamba aliye mbali? Je, yale yaliyowafikia wachuma chai katika mahakama za London ndiyo tuwaandikie wajukuu wao katika sheria zetu wenyewe?

MANENO YANAYOUA NA MANENO YANAYOPONYA

Atasimama mmoja wetu, labda mzee wa kanisa, aseme: lakini maneno yameua watu huku. Ni kweli, na hatutalipita jambo hilo haraka. Septemba 1991 palifanyika mkutano wa wakuu wa KANU Kapkatet, ambapo wapigania vyama vingi walitishwa na majirani wa makabila mengine wakaonywa. Mwezi Oktoba moto uliwashwa Tinderet, ukaenea hadi Kipkelion, Londiani na Sondu. Makanisa yaliwalaza wakimbizi juu ya mabenchi ya ibada. Kamati teule ya Bunge, chini ya Kennedy Kiliku, mbunge wa Changamwe, ilichunguza, na katika ripoti yake ya Septemba 1992 ilihesabu watu 779 waliouawa katika mapigano hayo. Bunge halikuipitisha ripoti hiyo.

Sasa tutazame sheria zilikuwa zikifanya nini wakati huo. Sheria ya uchochezi ilikuwapo. Mamlaka ya kupiga marufuku machapisho yalikuwapo. Mwaka 1988 yalitumiwa dhidi ya Beyond, jarida la Baraza la Makanisa la NCCK, kwa kufichua wizi katika uchaguzi wa mlolongo, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa. Mwaka 1990 yalitumiwa dhidi ya Nairobi Law Monthly la Gitobu Imanyara. Sisi wenyewe tulizoea kupokea karatasi zilizochapwa kwa mashine ya kurudufu na kuzificha ndani ya vitabu vya nyimbo. Lakini wale waliosimama jukwaani Kapkatet mchana kweupe, sheria hizo hazikuwagusa. Zilimfunga aliyesema kwamba kura zimeibwa, zikamwacha aliyesema kwamba jirani afukuzwe.

Hilo ndilo funzo la nchi ya chai, na lilinunuliwa kwa damu. Mwenye kuchochea mauaji ashtakiwe, akiwa jukwaani, redioni au mtandaoni, na sheria iseme kosa lake kinaganaga. Lakini sheria pana, yenye maneno yanayonyumbulika, haimkamati mwenye nguvu. Humkamata mwalimu, mwanafunzi na mchungaji.

Sheria ya mitandao ya mwaka 2018 ilikuwa na maneno ya namna hiyo. Kosa la kumsumbua mtu mtandaoni liliwekewa faini hadi shilingi milioni 20 au kifungo hadi miaka 10. Marekebisho ya mwaka 2025 yalilipanua kosa hilo, yakatoa pia mamlaka ya kufungiwa tovuti zinazodaiwa kueneza, pamoja na maovu mengine, itikadi kali za dini na imani potovu. Baada ya msiba wa Shakahola wa mwaka 2023 twaelewa hofu iliyoleta kifungu hicho. Lakini waumini wenzetu waulize: ni nani atakayepima ni mahubiri yapi yaliyopotoka? Mwaka 1988 jarida la makanisa lilihesabiwa kuwa hatari kwa taifa. Tarehe 22 Oktoba 2025, wiki moja baada ya sahihi ile, Mahakama Kuu ilisimamisha baadhi ya vifungu vya marekebisho hayo, na miongoni mwa walioomba alikuwamo Reuben Kigame, mwimbaji wa nyimbo za Injili. Twamshukuru Mungu kwa mtu asiyeona kwa macho lakini aliyeona mbali.

Wala hatuzungumzi juu ya hatari ya kuwaziwa tu. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni juu ya afisa mkuu wa polisi, akafa mikononi mwa polisi Nairobi. Siku chache kabla, binti mmoja aliyetengeneza programu ya kuwawezesha wananchi kupeleka maoni yao kwa Bunge juu ya Mswada wa Fedha alikuwa amewekwa korokoroni. Mahakama ikaifuta kesi yake. Kosa lake lilikuwa nini, kama si kuwafikishia wabunge sauti za waajiri wao?

TUFANYE NINI?

Viti vya kaunti zetu mbili katika Seneti si viti vidogo. Baada ya uchaguzi wa 2022, Kericho ilipata Kiongozi wa Wengi, na Seneta wa Bomet, Wakili Hillary Sigei, akapewa uenyekiti wa Kamati ya Haki, Masuala ya Sheria na Haki za Binadamu. Kamati za Bunge zina uwezo wa kumwita shahidi yeyote, kama Mahakama Kuu. Ni nadra funguo za namna hii kuwekwa katika mikono ya nchi ya chai. Tusiwaachie wenye mikono hiyo bila kuwauliza wanafungua nini.

Basi twapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila kamati ya haki na amani ya parokia, na kila kundi la vijana na akina mama katika makanisa yetu yote, itafute Hansard, isome mbunge wake amesema nini na amepiga kura gani katika miswada inayogusa usemi, mikutano na mitandao, na matokeo yasomwe hadharani. La pili, tutumie Ibara ya 119 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni: tuombe kwamba hakuna kampuni ya ng'ambo itakayokingwa dhidi ya wafanyakazi wake wa Kenya, iwe ya chai au ya kompyuta. La tatu, mgombea atakapokuja mwaka 2027, kabla hajafungua bahasha yake ya harambee, aulizwe swali moja: mtu wa hapa akikusema vibaya katika simu yake, utamtafutia wakili au utamtafutia polisi?

Akijibu kwamba atamtafutia wakili, aandikwe jina lake na tarehe, ili tumkumbushe. Akicheka na kuligeuza swali, tumpokee kwa heshima, tumpe chai, tumsindikize hadi barabarani. Kura yetu tuibaki nayo.

Seroney alipoamua kwamba jambo la wazi halihitaji kuthibitishwa, hakuwa akijitetea yeye. Alikuwa akimlinda mwenzake aliyesema kweli, huku akijua gharama yake. Mbunge wa namna hiyo ndiye tunayemtafuta, na hatutampata kama sisi wenyewe tutakuwa tumejifunza kunyamaza.